Miguu ya Verediana

Mwaka wa hamsini na nne baridi ya Mufindi iliingia mapema, na watu wa shamba la chai wakasema imeletwa na mapacha. Mtu akitaka wa kumlaumu hamkosi. Mimi sikubali. Juni ya Mufindi ni Juni ya Mufindi tangu enzi za mababu: ukungu unakaa mabondeni mpaka saa nne, umande unaganda juu ya majani ya chai, na kuku wanakataa kutoka bandani. Haikuhitaji msaada wa watoto wawili ambao hata macho walikuwa hawajayafumbua sawasawa.

Lakini nianze na Verediana, maana jambo hili ni lake.

Verediana alikuwa Mhehe kutoka upande wa Iringa, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali na rozari ya mbao shingoni. Alikuwa ameolewa mara tatu na kufiwa mara tatu, wala hakujaliwa mtoto. Mume wa kwanza alikwenda vitani akafia huko. Wa pili alipigwa na radi akiwa juu ya mti, siku ambayo hata mbuzi walijificha. Wa tatu alikula uyoga ambao Verediana mwenyewe alimkataza kwa kelele zilizosikika vilima viwili. Hesabu hiyo ingefanywa kwa haki, angepewa pole. Ukoo wa mume wa tatu ulikaa kikao, ukajumlisha kwa namna yake, ukapata mchawi. Akatolewa na kapu lake moja, na kaka zake wa tumbo moja wakamfungia mlango wakisema wana watoto wadogo.

Ndivyo alivyofika Ng'ambo. Ng'ambo kilikuwa kipande cha ardhi upande wa pili wa kijito, nyuma ya laini za wafanyakazi. Kwenye laini walikaa wachuma chai walioandikwa, katika nyumba za matofali, safu kwa safu. Ng'ambo walikaa watu wasiotakiwa na laini lakini wanaohitajiwa na shamba, kwa kuwa kiwanda kilikausha chai kwa moto wa kuni, na kuni hazijikati zenyewe. Aliyebeba kuni aliachiwa kibanda. Asiyebeba alionyeshwa njia.

Jirani wa kushoto wa Verediana alikuwa Kasian, Mbena aliyepona ukoma baada ya vidole vya mikono yake kwisha. Alifunga mizigo ya kuni kwa meno na viwiko, haraka kuliko wenye vidole kumi. Jirani wa kulia alikuwa Sekela, Mnyakyusa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyemkimbia mume huko Tukuyu, akauza pombe Mbeya mjini, akachoka na majina aliyokuwa akiitwa, akapanda lori. Watatu hao waligombana kila siku juu ya maji, juu ya moto, na juu ya jogoo wa Kasian aliyekuwa mwizi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita mwenzake ndugu. Neno hilo lilikuwa limewauma wote, kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ya mapacha, Verediana alikuwa akipita kando ya shamba na mzigo wa kuni kichwani. Ukungu ulikuwa mzito. Akasikia wanawake wanaita, akatupa mzigo, akafuata sauti. Atuganile, mke wa Yotamu, alikuwa ameshikwa na uchungu mwishoni mwa mstari wake, kapu bado liko mgongoni.

Yotamu na Atuganile walikuwa watu wa laini, Wanyakyusa wote wawili, wapole, wenye kupendana waziwazi mpaka watu wakaona haya kwa niaba yao. Ilijulikana kuwa Atuganile alikuwa mjane wa rafiki yake Yotamu, na kwamba ukoo wa marehemu ulitaka kumrithisha kwa shemeji yake, mzee wa wake wanne. Atuganile akasema heri afe. Yotamu akasema usife, twende. Wakaja Mufindi bila baraka ya upande wowote.

Verediana akapiga magoti kwenye majani mabichi, akampokea mtoto wa kike. Wanawake wakapiga vigelegele. Verediana akaweka mkono tumboni kwa mzazi, akasema, "Tulieni. Yumo mwingine."

Vigelegele vikakatika. Wanawake wa Kinyakyusa wakatazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakajitwika makapu yao na kuondoka, bila kukimbia, wakiwa wameangalia chini. Ukungu ukawafunika. Verediana akabaki peke yake na mama mmoja na watoto wawili, akawatukana walioondoka kwa Kihehe, Kiswahili na Kilatini kidogo alichokidaka kanisani, huku mikono yake ikimpokea mtoto wa kiume.

Sekela ndiye aliyemweleza baadaye.

"Kwetu, bibi, mapacha ni jambo la kuogofya. Si baya, si zuri. Ni kubwa mno. Wazazi wanakaa pembeni, hawamsalimii mtu, hawasemi na mtu, hawachangii moto na mtu. Mpaka aje mganga wa mapacha, awakusanye ndugu wa mume na ndugu wa mke, wote wanywe dawa. Hapo ndipo wanarudi kwa watu."

"Na ndugu wasipokunywa?"

"Wanavimba. Mapacha wanawavimbisha ndugu zao."

"Ndugu tu?"

"Ndugu tu. Mtu baki hapati kitu."

Verediana akacheka puani. Akasema kwao nako mapacha wana mambo yao, ila hajasikia la kuvimbisha mtu. Akaenda kuchemsha uji.

Yotamu alijenga kibanda cha majani Ng'ambo, mbali kidogo na vile vingine, akaingia na mkewe na watoto. Alikuwa amebatizwa na Wamoraviani huko Rungwe, anajua kusoma, lakini kuna vitu ambavyo maji ya ubatizo huvikuta vimekwisha kaa. Huko kwenye laini nako kukawa na kazi mpya. Kila Mnyakyusa akaanza kuhesabu ukoo wake, si kwa kutafuta undugu bali kwa kuukana. Fulani aliyekuwa akijisifu kuwa babu yake na babu wa Yotamu walikula ng'ombe mmoja, sasa akaapa kwamba babu yake hakula nyama maisha yake yote. Hakuna aliyetaka kuvimba, wala aliyetaka kuchuma mstari mmoja na atakayevimba.

Nyapara Crispin akaja mpaka ukingo wa kijito. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mizani na makapu, na nusu ya wachumaji wake walikuwa Wanyakyusa.

"Watafute huyo mganga wao," alisema kwa sauti ya kuvuka maji. "Nawapa wiki tatu. Mambo yakikaa sawa, Yotamu atarudi kazini. Yasipokaa sawa, Jumamosi ya wiki ya tatu wapande lori. Siwezi kuwa na shamba la watu wanaoogopa."

"Wapande lori waende wapi?" akauliza Verediana. "Kwao wamefukuzwa. Hawa watoto wana siku mbili, na baridi hii!"

"Bibi, mimi sikuzaa mapacha," alisema Crispin, akaondoka.

Sekela ndiye aliyekwenda kumtafuta mganga, kwa kuwa wazazi walikatazwa kutoka na hapakuwa na Mnyakyusa mwingine aliyekubali kutumwa. Fikiria huyo mwanamke. Alirudi kwa miguu yake mwenyewe kule alikokimbia, mahali ambapo mume wake angeweza kumkuta sokoni na kumburuta mchana kweupe. Alifunga kitambaa usoni kama mwenye jino bovu, akapanda lori la Saulo, dereva wa Mbeya, akaenda.

Huku nyuma Verediana akashika zamu ya chakula. Kila asubuhi na kila jioni alikwenda na chungu mpaka kwenye kisiki kilichokuwa hatua kumi kutoka kibanda cha majani, akakiweka, akarudi nyuma. Atuganile alitoka, akachukua, akapiga makofi mawili madogo ya shukrani, akaingia. Haruhusiwi kusalimu. Verediana aliyejua maana ya kutosalimiwa alisema yeye kwa niaba ya wote wawili.

"Kamwene, mwanangu. Umeamkaje? Nimeamka salama, bibi. Watoto je? Wananyonya, bibi, yule wa kike ana fujo. Ana fujo kama nani? Kama wewe, bibi." Kisha akacheka peke yake, akachukua chungu cha jana, akaondoka. Na mle ndani ya majani wakati mwingine palisikika mtu naye anacheka.

Siku ya tatu tangu watoto wazaliwe, Verediana aliamka akaona kandambili zake za tairi hazimwingii.

Akatazama miguu. Ilikuwa imevimba kuanzia kifundo kwenda chini, yote miwili, laini na yenye kung'aa, kama maandazi yaliyoumuka. Haikuuma. Akaikanda kwa maji ya chumvi, haikushuka. Akasema uzee umefika, ulikuwa unatafuta mlango. Kilichomtisha si miguu, kilichomtisha ni Crispin. Asiyebeba kuni hana kibanda. Akaizungushia vipande vya gunia, akafunga kwa kamba ya mgomba, akamwambia kila aliyeuliza kuwa ni kwa ajili ya baridi. Akaendelea kubeba kuni, hatua kwa hatua, akiomba Salamu Maria moja kwa kila miti kumi. Wala hakukosa hata siku moja kwenye kisiki.

Wapo watakaosema ni moyo wa mzee, au figo, au mizigo ya kuni. Waseme. Mimi si daktari, na waliokuwepo hawakuwa na daktari. Ninasimulia kilichotokea na siku kilipotokea.

Sekela alirudi wiki ya pili na mganga. Aliitwa mzee Mwaisumo, anayekaa Iyunga kando ya barabara kuu, mtu mfupi, safi, mwenye koti la kijeshi na kofia ya pama, na mfuko wa ngozi ambao hakumwachia mtu abebe. Alisema kazi hii ameifanya miaka arobaini, alianza akiwa kijana chini ya mjomba wake. Sekela alikuwa ameonana na kaka wa Yotamu na wajomba wa Atuganile. Wote walimwambia maneno yaleyale: tangulieni na mganga, sisi tunakuja nyuma.

Wakangoja. Mwaisumo akakaa kwa Kasian, akala ugali, akamsifu jogoo. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ijumaa Saulo akaja na lori, akashuka peke yake. Alivua kofia kabla ya kusema, na hapo watu wakajua.

"Wamenituma niseme hivi. Hawaji. Wamepata mganga mwingine hukohuko, wamekunywa dawa yao wenyewe, upande wa mume na upande wa mke. Wamejikata. Wanasema hawana mtu Mufindi."

Yotamu alisikia akiwa ndani ya majani. Haruhusiwi kusema na mtu, basi hakusema. Palisikika sauti moja tu, ya mwanamume aliyebana mkono mdomoni. Mimi nimesikia vilio vingi vya msiba, na nakwambia kile cha mtu anayejizuia ni kibaya kupita vyote.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa tayari, limepakia masanduku ya chai. Crispin alikuja na wazee wawili wa laini kushuhudia. Watu wa laini walijaa upande wao wa kijito, watu wa Ng'ambo upande wao, na ukungu katikati. Mwaisumo alikuwa amekwisha funga mfuko wake.

"Mzee," Crispin alimwambia, na kusema kweli sauti yake haikuwa na furaha, "huwezi kuwapa wao wenyewe tu hiyo dawa, mambo yaishe?"

"Dawa hii haiwatibu wao," alijibu Mwaisumo. "Wao si wagonjwa. Inawatibu ndugu, wapate kuwasogelea bila kudhurika. Kama hakuna ndugu, nitamnywesha nani? Nyasi?"

"Tutajuaje kwamba hawana ndugu hapa? Watu wa kabila lao wako wengi laini."

"Angekuwepo, ungemwona. Angekuwa amevimba. Inaanza siku ya tatu, kwenye kifundo cha mguu, inashuka chini. Haiumi. Ukibonyeza, shimo linabaki."

Verediana alikuwa amesimama nyuma ya Kasian na kibunda cha mihogo mkononi, chakula cha njiani cha watoto wa watu. Alisikia neno moja moja. Akatazama magunia yaliyofungwa miguuni mwake.

Na mwanamke huyu asiyeogopa radi wala nyapara, akaogopa. Hakuogopa kuvimba. Aliogopa kusema, kisha watu wote wale wa pande zote mbili wacheke, na mganga amwambie, wewe, bibi? Wewe ni Mhehe. Alikuwa amekwisha kufukuzwa na koo mbili. Hakuwa na nguvu ya kufukuzwa na ya tatu, hasa hii.

Yotamu akatoka ndani ya majani na mtoto mmoja kifuani, Atuganile nyuma yake na wa pili. Wakaanza kutembea kuelekea kwenye lori, macho chini. Walipofika penye kisiki, Atuganile akasimama. Akatafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akampata Verediana. Akapiga makofi mawili madogo.

Basi. Verediana akaketi chini palepale kwenye umande, akaanza kufungua kamba.

"We bibi, unafanya nini?" akauliza Kasian.

"Nyamaza." Gunia la kulia likatoka, la kushoto likatoka. Akanyoosha miguu mbele yake. "Mzee wa Iyunga," aliita, "hebu njoo uone hapa. Kama ni upuuzi, sema haraka nijifunge, baridi inaniuma."

Mwaisumo akaja, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo wa kulia. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akabonyeza wa kushoto. Shimo likabaki.

"Lini?"

"Siku ya tatu."

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo. Ndiyo maana nimeweza kubeba kuni."

"Ulizaliwa wapi?"

"Iringa. Sisi Wahehe, huko hakuna Mnyakyusa hata kwa dawa. Usinitafutie bibi yangu, sina."

Crispin akakohoa. "Mzee, huyu ni mwanamke mkongwe. Miguu ya wakongwe inavimba."

"Na ilingoja siku ya tatu?" alisema Mwaisumo bila kugeuka. Alikuwa amevua kofia, na nywele zake nyeupe zilikuwa na matone ya ukungu. "Yeye ndiye aliyewapokea watoto, nimeambiwa. Lakini wakunga hawavimbi, nyapara. Jirani havimbi. Mpishi havimbi. Mimi mwenyewe nimewashika mapacha mamia kwa mikono hii, sijavimba hata ukucha. Mapacha hawakosei. Wao ndio wanaojua nani ni nani wao, si sisi." Kisha sauti yake ikawa ya mtu mdogo kuliko umri wake. "Miaka arobaini. Sijaona jambo kama hili. Mjomba wangu hakuniambia kwamba linawezekana."

Palisikika maji tu. Mzee mmoja wa laini aliinama taratibu, akagusa ardhi kwa mkono.

"Basi yupo ndugu," alisema Mwaisumo akisimama. "Siwezi kuondoka hapa na kumwacha mgonjwa wangu. Lakini mmoja hatoshi. Dawa inataka upande wa mume na upande wa mke. Kama kuna mwingine, ajitokeze."

Kasian akatokea mbio, akavua kiatu. "Na mimi nimevimba, mzee! Angalia hiki kidole cha mguu."

Mwaisumo akaangalia. "Huyo ni funza, bwana."

Watu wakacheka, hata Crispin. Kasian hakucheka. Alibaki na mguu wake mmoja hewani, machozi yanamtoka, mtu mzima wa miaka hamsini.

"Basi sijavimba," alisema. "Lakini naogopa. Nilipoona miguu ya huyu bibi nimeogopa. Nimejiuliza, kesho ni mimi? Kwa nini niogope kama hawanihusu?"

"Hilo ni swali la kweli," alisema Mwaisumo. "Mtu baki haogopi. Mtu baki anaogopa kukaa karibu tu, kisha anakwenda mbali na hofu inaisha. Wewe ukienda mbali itaisha?"

"Haiishi."

"Simama pale, upande wa mume."

Sekela akaja bila kuitwa. "Naogopa," alisema, akasimama. Akaja mama mmoja mpika pombe, kipofu wa jicho moja. "Naogopa." Akaja Msangu mmoja mzee aliyetoka jela, ambaye hakuwahi kusema na mtu zaidi ya mambo ya shoka. Alisema, "Na mimi pia," akaona haya, akasimama nyuma kabisa. Watu kumi na mmoja wa Ng'ambo walivuka zile hatua kumi, mmoja mmoja, wakikiri hofu yao mbele ya watu. Walikuwa wamefundishwa na dunia kutomwogopea mtu yeyote. Nikifikiria asubuhi ile mpaka leo nywele zinanisimama. Na upande wa pili wa kijito walikuwepo wenye damu na jina na kabila la Yotamu, waliokesha wakihesabu mababu ili wasiwe ndugu zake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuinua macho.

Saulo akazima lori.

Mwaisumo akafanya kazi yake. Alichemsha majani na magome aliyokuja nayo katika chungu kimoja, akawapanga pande mbili, akawanyunyizia miguu kwa tawi, akasema maneno ambayo Sekela peke yake aliyafahamu na hakukubali kuyatafsiri. Kila mtu akanywa kwa kibuyu. Kasian akasema ni chungu kama dhambi. Aliyebaki mwisho ni Verediana, kwa kuwa mganga alisema aliyevimba hufunga mlango.

Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Hakunywa.

"Kama ni habari ya kanisa," alisema Mwaisumo kwa upole, "Mungu ndiye aliyeotesha hayo majani."

"Si kanisa. Nimekwisha kuomba." Verediana akatazama miguu yake, minene, inayong'aa kwa umande. "Nikinywa, itashuka?"

"Itashuka."

"Yote?"

"Yote, mama. Ndiyo kazi yake."

"Sasa ikishuka," alisema Verediana, "watu watajuaje? Mimi mwenyewe nitajuaje?"

Mwaisumo alikuwa mganga wa mapacha, na hilo halikuwa swali la mapacha. Watu wote wakangoja. Yotamu na Atuganile walikuwa wamesimama na watoto wao, hawaruhusiwi kusema mpaka kibuyu cha mwisho kiwe kitupu. Verediana akaliona hilo. Wanangoja yeye ili wapate sauti zao. Akafumba macho, akanywa yote, mpaka makapi.

Atuganile akapumua. Akamwendea, akapiga magoti mbele yake, akasema neno lake la kwanza katika siku ishirini. "Ugonile, juuba."

Verediana hakujua Kinyakyusa. Akamtazama Sekela.

"Anakusalimu, bibi," alisema Sekela, pua imejaa maji. "Anasema umelalaje, mama."

Sasa nitakwambia sehemu iliyobaki, ambayo wengi wanaosimulia habari hii huiacha kwa sababu haina mganga.

Yotamu alirudishwa kazini Jumatatu. Walipewa tena nyumba yao ya matofali kwenye laini, wakaikataa, wakajenga Ng'ambo kati ya Sekela na Verediana, na Crispin akaandika daftarini kwamba laini zimejaa. Watoto wakapewa majina, wa kike Ikupa, wa kiume Gideoni.

Na miguu ya Verediana ikashuka. Jumatano asubuhi aliamka akaiona, myembamba, mikavu, mishipa nje, miguu yake ya siku zote. Kandambili zikaingia bila taabu. Alikaa kitandani muda mrefu, mikono magotini. Aliingiwa na ubaridi ambao haukuwa wa Juni. Alijisemea, haya, imekwisha, asante Mungu kwa zile siku. Akajitengeneza uso wa jirani, uso wa adabu, wa mtu anayebisha hodi na kuondoka mapema, akatoka kwenda kuwajulia hali.

Hakufika mbali. Atuganile alimkuta mlangoni, anakimbilia shambani, kapu limekaa upande, amechelewa, amekasirika. Hakutazama miguu ya mtu. Alimweka Ikupa mkono wa kulia wa Verediana na Gideoni mkono wa kushoto kama anayetua mizigo.

"Huyu amenyonya, huyu hataki, mbembeleze. Nepi ziko kwenye kamba, zikikauka uzianue. Na huyo jogoo wa Kasian asiingie ndani, jana amekula unga." Akageuka, akaondoka mbio kuingia kwenye ukungu.

Hakusema tafadhali, wala hakupiga makofi, wala hakusema ndaga, ile asante ya kwao.

Verediana akasimama mlangoni na mzigo wake, mdomo wazi. Mtu baki huombwa. Jirani hushukuriwa. Akalielewa jambo hilo polepole, kuanzia kichwani likishuka, na lilipofika miguuni ikabidi aketi kizingitini.

"Mnamwona mama yenu?" aliwaambia watoto, machozi yakimchuruzika. "Hana adabu hata kidogo. Anafikiri mimi sina kazi nyingine!"